Baridi yabisi: Jinsi jeni zinavyoamsha seli zinazokula mfupa, na kwa nini matibabu ya mapema huokoa viungo

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa wa baridi yabisi, na takribani asilimia 70 kati yao walikuwa wanawake. Ni ugonjwa ambao mara nyingi huanza kwa namna isiyotisha. Vidole hukakamaa asubuhi, kifundo cha mkono huvimba, kukamua nguo au kufunga kifungo cha shati huwa kazi ngumu. Kwa kuwa maumivu hupanda na kushuka, wengi hununua dawa ya kutuliza maumivu katika duka la dawa na kusubiri hali ipite yenyewe.

Kusubiri huko ndiko kunakogharimu. Dawa ya maumivu inaweza kumpa mgonjwa usingizi na nafuu ya siku, lakini haizuii mfupa kuliwa ndani ya kiungo kilichovimba. Mfupa ukishaliwa, kiungo hupinda, na mkono uliokuwa ukishika jembe, mwiko au kalamu unaweza usirudie tena kazi yake ya awali.

Makala haya yanafafanua kile ambacho utafiti wa zaidi ya miaka 30 umebaini kuhusu uharibifu huo: seli zinazoufanya, jeni zinazoziamsha seli hizo, na sababu ya wataalamu kusisitiza kuwa tiba ianze mapema iwezekanavyo.

Jina lisimpoteze mgonjwa

Neno "yabisi" lina maana ya kitu kikavu au kilichokakamaa, nalo linaeleza vyema hali ya kiungo cha mgonjwa. Neno "baridi", hata hivyo, limewafanya watu wengi waamini kuwa ugonjwa huu huletwa na kuoga maji ya baridi, kulala sakafuni au kufanya kazi alfajiri. Baridi inaweza kumfanya mgonjwa ahisi maumivu zaidi, lakini si chanzo cha ugonjwa.

Baridi yabisi inayozungumziwa hapa ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Kinga, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hukosea na kuanza kuushambulia mwili wenyewe. Shambulio kubwa huelekezwa kwenye utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani, uitwao sinovia. Utando huo huvimba, hunenepa na kujaa chembe nyeupe za damu, kisha huanza kuingia kwenye gegedu na kwenye mfupa ulio jirani.

Ni muhimu pia kutofautisha ugonjwa huu na mengine yanayoitwa kwa jina hilohilo mitaani. Jongo husababishwa na fuwele za asidi ya yuriki kwenye kiungo. Kuchakaa kwa viungo hutokana zaidi na umri, uzito mkubwa au majeraha ya zamani. Homa ya baridi yabisi, ambayo huwapata zaidi watoto na vijana na inaweza kuharibu vali za moyo, hufuata maambukizi ya koo. Kila mojawapo lina tiba yake.

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya

Ili kuelewa namna baridi yabisi inavyoharibu mfupa, ni vyema kwanza kujua kuwa mfupa si kama jiwe. Ni sehemu hai ya mwili inayofanyiwa ukarabati wakati wote. Kwa mtu mzima, takribani asilimia 10 ya mifupa yote hubadilishwa na mfupa mpya kila mwaka.

Ukarabati huo hufanywa na vikosi viwili vya seli. Kikosi cha kwanza ni cha seli zinazobomoa, ziitwazo osteoklasti, ambazo huondoa sehemu ya mfupa iliyochakaa. Kikosi cha pili ni cha seli zinazojenga, ziitwazo osteoblasti, ambazo hujaza pengo kwa mfupa mpya. Kazi hiyo inafanana na matengenezo ya barabara, ambapo lami mbovu huchimbwa kwanza na mpya hutandazwa baadaye. Barabara hubaki salama iwapo kinachochimbwa na kinachojazwa vinalingana.

Tofauti kubwa ipo kwenye muda. Kubomoa eneo dogo la mfupa huchukua wiki chache, ilhali kulijenga upya huchukua miezi kadhaa. Kwa sababu hiyo, kikosi cha ubomoaji kikiongezeka kupita kiasi, hata kwa kipindi kifupi, kikosi cha ujenzi huachwa nyuma.

Osteoklasti ni seli kubwa isiyo ya kawaida. Seli nyingi za mwili zina kiini kimoja, lakini osteoklasti huwa na viini kadhaa kwa kuwa imeundwa na seli ndogo nyingi zilizoungana. Seli hiyo hujibandika kwenye mfupa kwa ukingo wa mviringo usiopitisha kitu, kisha humwaga asidi katika nafasi iliyofungwa chini yake. Asidi huyeyusha madini ya kalsiamu. Baada ya hapo, kimeng'enya kiitwacho kathepsini K humeng'enya nyuzi za protini zilizobaki. Seli inapoondoka huacha shimo.

Majalada ya jeni yanavyofunguliwa

Seli ndogo zinazozaa osteoklasti hutoka kwenye uboho wa mifupa, nazo ni za ukoo mmoja na chembe nyeupe za damu ziitwazo monosaiti. Chembe hizo zingeweza kuishia kuwa walinzi wa kawaida wanaomeza bakteria. Kinachoamua ziwe walinzi au zile mfupa ni jeni zipi zimeamshwa ndani yake na zipi zimezimwa.

Binadamu ana jeni takribani 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini, na karibu kila seli ya mwili hubeba seti nzima. Mfano wa karibu ni masijala ya ofisi. Majalada yote yamo kabatini, lakini ofisa hufungua yale tu yanayohusu kazi iliyo mezani. Seli ya ini na seli ya mfupa zina majalada yaleyale. Zinatofautiana kwa majalada yaliyofunguliwa. Hiyo ndiyo maana ya wataalamu wanapozungumzia utendaji wa jeni.

Kwa seli changa inayoelekea kuwa osteoklasti, mambo hufuatana kwa utaratibu maalumu. Kwanza, protini iitwayo M-CSF huziwezesha seli changa kuishi na kuongezeka. Pili, protini nyingine iitwayo RANKL huja kama barua ya maagizo na kupokelewa na kipokezi kilicho juu ya seli, kiitwacho RANK. Barua hiyo ikishapokelewa, ujumbe hupita ndani ya seli hadi kwenye kiini na kuziamsha protini zinazofungua jeni, zikiwemo NF-kB na c-Fos.

Hatua inayofuata ndiyo huamua. Jeni iitwayo NFATC1 huamshwa, na protini yake huwa msimamizi mkuu wa kazi yote. Mwaka 2002, timu ya watafiti nchini Japani iliyomjumuisha Hiroshi Takayanagi ilionesha kuwa bila protini hiyo seli changa hazigeuki kuwa osteoklasti hata zikipewa RANKL. Protini hiyo pia hurudi kwenye jeni yake yenyewe na kuiamsha zaidi, hivyo agizo dogo la mwanzo hukua na kuwa amri kubwa.

Chini ya msimamizi huyo, jeni za vitendea kazi hufunguliwa moja baada ya nyingine: jeni zinazofanya seli ndogo ziungane, jeni za pampu za asidi, na jeni ya kathepsini K. Wakati huohuo jeni zinazofanya kazi ya breki, mojawapo ikiwa IRF8, hupunguzwa nguvu ili kazi iendelee.

Mwili una njia nyingine pia ya kuzuia ubomoaji uliopita kiasi. Mwaka 1997 wanasayansi nchini Marekani na Japani walitambua protini iitwayo osteoprotejerini, ambayo huikamata RANKL kabla haijafika kwenye kipokezi chake. Mwaka uliofuata ilitambuliwa kuwa RANKL ndiyo protini inayokamatwa hivyo. Tangu hapo imeeleweka kuwa afya ya mfupa hutegemea sana uwiano kati ya protini hizo mbili: moja inayotoa maagizo ya kubomoa na nyingine inayoyazuia.

Kinachovurugika katika baridi yabisi

Katika kiungo cha mgonjwa wa baridi yabisi, uwiano huo huvunjika. Seli za utando uliovimba na baadhi ya chembe nyeupe za damu hutengeneza RANKL kwa wingi. Pamoja na hilo, kinga iliyokosea njia humwaga protini za uchochezi, zikiwemo TNF, IL-1, IL-6 na IL-17. Protini hizo huongeza uzalishaji wa RANKL na huzifanya seli changa ziwe tayari zaidi kuitikia maagizo yake.

Kwa maneno mengine, agizo la kubomoa mfupa, ambalo kwa kawaida hutolewa kwa kiasi na mahali panapohitaji ukarabati, sasa hutolewa bila kukoma mahali ambapo mfupa hauna kosa. Osteoklasti hujipanga pale utando uliovimba unapokutana na mfupa na kuanza kuchimba. Katika picha za eksirei, kazi yao huonekana kama vijishimo kwenye kingo za viungo vya vidole vya mikono na miguu.

Uchochezi huohuo huzuia pia seli zinazojenga mfupa kufanya kazi yake. Ndiyo maana mashimo ya baridi yabisi hujazika kwa nadra sana, hata baada ya ugonjwa kutulizwa.

Vilevile, imebainika kuwa kingamwili zinazohusishwa na ugonjwa huu zinaweza kuwepo kwenye damu miaka kadhaa kabla ya mtu kuhisi maumivu. Kwa wagonjwa wengi wasiopata tiba sahihi, mashimo ya mfupa huanza kuonekana ndani ya miaka miwili ya mwanzo ya ugonjwa. Muda wa kuokoa kiungo, kwa hiyo, si mrefu.

Ushahidi uliopatikana

Kwa muda mrefu haikuwa wazi ni nani hasa anayekula mfupa. Baadhi ya wataalamu walidhani utando uliovimba huumomonyoa mfupa moja kwa moja. Jibu lilikuja kwa hatua.

Mwaka 1998, watafiti wa Boston, Marekani, waliochunguza vipande vya viungo vilivyoondolewa kwa wagonjwa wakati wa upasuaji, walichapisha matokeo yao. Ndani ya mashimo ya mfupa walikuta seli zenye viini vingi ambazo jeni zake zilizoamshwa zilikuwa zilezile za osteoklasti, ikiwemo jeni ya kathepsini K.

Mwaka 2001, majaribio yaliyofanywa kwa panya wasio na jeni ya RANKL yalionesha jambo la kushangaza. Panya hao walipofanywa wapate ugonjwa wa viungo, viungo vyao vilivimba kama vya panya wengine, lakini mmomonyoko wa mifupa ulikuwa mdogo mno. Mwaka 2002, watafiti wa Vienna, Austria, walipata matokeo ya aina hiyo kwa panya wenye TNF nyingi lakini wasio na jeni ya c-Fos. Panya hao hawakuweza kutengeneza osteoklasti. Walipata uvimbe, ila mifupa yao haikuliwa.

Matokeo hayo yalithibitisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba osteoklasti ndiyo inayokula mfupa katika baridi yabisi. La pili ni kwamba uvimbe na kuliwa kwa mfupa ni mambo mawili yanayohusiana lakini si kitu kimoja. Mgonjwa anaweza kupungukiwa maumivu huku mfupa ukiendelea kupotea. Hilo ndilo kosa la kumtibu mgonjwa kwa dawa za maumivu peke yake.

Je, ni ugonjwa wa kurithi?

Wananchi wengi wanaposikia neno "jeni" hufikiri mara moja kuhusu urithi. Katika baridi yabisi urithi una nafasi, lakini si hukumu. Baadhi ya aina za jeni iitwayo HLA-DRB1 huongeza uwezekano wa mtu kupata ugonjwa. Hata hivyo, utafiti wa mapacha uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 1993 ulionesha kuwa pale pacha mmoja kati ya wawili wanaofanana kabisa kijeni anapougua, mwenzake huugua katika takribani jozi 15 kati ya 100. Ingekuwa jeni za kurithi ndizo zinazoamua kila kitu, wote wawili wangeugua.

Maana yake ni kwamba jeni ambazo mtu amezaliwa nazo ni jambo moja, na jeni zinazoamshwa katika maisha yake ni jambo jingine. Uvutaji wa sigara ni miongoni mwa visababishi vinavyofahamika zaidi vya kuongeza hatari, hususan kwa mwenye jeni zinazomweka karibu na ugonjwa. Mama mwenye baridi yabisi hapaswi kulaumiwa kuwa amewaachia watoto wake ugonjwa, na mgonjwa hana sababu ya kudhaniwa kuwa amerogwa au amevunja mwiko.

Dawa zinavyogusa mnyororo huo

Kufahamika kwa mnyororo wa maagizo kumewapa wataalamu sehemu kadhaa za kuukata. Dawa zinazobadili mwenendo wa ugonjwa hutofautiana na dawa za maumivu kwa sababu zenyewe hupunguza uchochezi unaozaa RANKL.

Dawa ya msingi katika kundi hilo ni methotrekseti, iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya baridi yabisi mwaka 1988 na ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO. Si dawa mpya wala ya kifahari, na kwa wagonjwa wengi inapoanzwa mapema hupunguza kasi ya kuharibika kwa viungo. Jambo la kuzingatiwa sana ni kwamba kwa baridi yabisi dawa hii hutumiwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kusababisha kifo. Haitumiwi na mjamzito, humtaka mgonjwa ajiepushe na pombe, na huambatana na vidonge vya asidi ya foliki pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara.

Kundi la pili ni dawa za kibayolojia zinazozuia TNF. Madaktari Ravinder Maini na Marc Feldmann waliwapatia wagonjwa wa kwanza wa baridi yabisi tiba hiyo jijini London mwaka 1992, na mwaka 2003 walitunukiwa Tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo. Mwaka 2019 WHO iliingiza dawa za aina hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Changamoto kubwa ni gharama yake. Aidha, TNF ni miongoni mwa silaha ambazo mwili hutumia kuufungia kifua kikuu kilicholala, hivyo kuizuia kunaweza kukiamsha. Kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, kipimo cha ugonjwa huo kabla ya kuanza dawa hizi ni hatua isiyopaswa kurukwa.

Ipo pia dawa inayoikamata RANKL yenyewe, iitwayo denosumabu, ambayo inafanya kazi iliyo sawa na ile ya osteoprotejerini. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa udhaifu wa mifupa, na mwaka 2017 Japani iliikubali kwa ajili ya kuzuia mmomonyoko wa mfupa katika baridi yabisi. Katika majaribio ilipunguza kuliwa kwa mfupa, lakini haikupunguza uvimbe, jambo linaloafikiana na yale yaliyoonekana kwa panya. Kwa hiyo haichukui nafasi ya dawa za kutuliza ugonjwa wenyewe. Ikiachwa ghafla, upotevu wa mfupa unaweza kurudi kwa kasi.

Dawa za steroidi, kama vile prednisoloni, hupunguza uvimbe haraka na hutumiwa kwa muda mfupi wakati dawa nyingine zikianza kufanya kazi. Zikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi, zenyewe hudhoofisha mifupa. Mgonjwa anayejinunulia steroidi kwa kuwa "zinamsaidia" anaweza kuwa anajiongezea tatizo lilelile analolikimbia.

Dalili za kutopuuzwa

Baridi yabisi hutambuliwa kwa kuunganisha dalili, uchunguzi wa daktari na vipimo. Mwananchi anashauriwa kufika kituo cha kutolea huduma za afya anapoona mojawapo au zaidi ya hali zifuatazo:

- Viungo vidogo vya vidole vya mikono, vifundo vya mikono au vidole vya miguu kuvimba na kuuma, mara nyingi pande zote mbili za mwili.
- Kukakamaa kwa viungo asubuhi kwa zaidi ya nusu saa kabla havijalegea.
- Uvimbe wa viungo unaoendelea kwa wiki sita au zaidi.
- Uchovu mkubwa, homa ndogo au kupungua uzito vinavyoambatana na maumivu ya viungo.
- Maumivu mtu mwingine anapoubana mkono au mguu kwa wepesi kwenye maungio ya vidole, kama wakati wa kusalimiana.

Si kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi. Virusi vya chikungunya, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, huacha maumivu ya viungo yanayoweza kudumu kwa miezi na kufanana sana na ugonjwa huu. Hata jina la virusi hivyo lina asili ya Kimakonde, likimaanisha kinachompinda mtu. Daktari ndiye mwenye uwezo wa kutofautisha.

Vipimo vya damu vinavyotumika ni pamoja na vile vya kutafuta kingamwili na vya kupima kiwango cha uchochezi mwilini. Baadhi ya wagonjwa huwa na majibu ya kawaida ya kingamwili ilhali wanaugua, hivyo jibu la "hakuna kitu" halimaanishi kuwa uvimbe upuuzwe. Daktari anaweza kuomba eksirei ya miguu hata kama mgonjwa analalamikia mikono, kwa sababu vijishimo vya mwanzo mara nyingi hujitokeza kwenye vidole vya miguu.

Muda ni sehemu ya tiba

Mwongozo wa EULAR, muungano wa Ulaya wa vyama vinavyoshughulikia magonjwa ya baridi yabisi, unaelekeza kuwa mtu mwenye uvimbe wa viungo aonwe na mtaalamu ndani ya wiki sita tangu dalili zianze, na dawa za kubadili mwenendo wa ugonjwa zianze ndani ya miezi mitatu kwa aliye katika hatari ya ugonjwa kudumu. Kwa mwananchi anayeishi mbali na daktari bingwa, muda huo unaweza kuisha kabla hata hajapata rufaa. Ndiyo sababu safari inapaswa kuanza mapema katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na kuendelea kwa rufaa hadi hospitali ya wilaya, ya mkoa au ya kanda bila kukatwa katikati kwa kuwa maumivu yamepungua.

Mgonjwa aliyekwisha kuanza tiba anashauriwa kutoacha dawa anapojisikia vizuri, kwani nafuu hiyo ni ishara kuwa dawa inafanya kazi. Wanawake wanaopanga kupata ujauzito wanatakiwa kumweleza daktari mapema ili dawa zibadilishwe kwa usalama. Kuacha sigara, kufanya mazoezi mepesi ya viungo na kufuata ushauri wa mtaalamu wa mazoezi tiba husaidia kulinda uwezo wa kufanya kazi.

Familia nazo zina wajibu wao. Ugonjwa huu hauonekani kwa macho katika hatua zake za mwanzo, na mgonjwa anayeshindwa kuamka mapema au kubeba ndoo anaweza kudhaniwa mvivu. Kumsikiliza na kumsindikiza hospitali katika wiki za mwanzo kuna thamani kubwa kuliko kumhudumia baadaye akiwa hawezi kujilisha.

Sayansi imeonesha kuwa mfupa wa mgonjwa wa baridi yabisi huliwa na seli za mwili wake mwenyewe zilizopokea agizo lisilo sahihi, na kwamba agizo hilo linaweza kuzuiwa. Dawa, hata hivyo, huzuia mashimo yajayo. Yale yaliyokwisha kuchimbwa ni nadra kujazika. Wananchi wenye viungo vilivyovimba kwa wiki kadhaa wanahimizwa kutosubiri vipinde ndipo wafike hospitali.